Mzee Wako Hakuandika Barua ya Maombi

Kijana mmoja wa Mbeya ameniandikia wiki hii. Ana shahada ya ualimu, anaendesha bodaboda, na baba yake, mwalimu mstaafu, wageni wakimuuliza anawajibu kwamba mtoto "yuko likizo". Nimecheka, kisha nikanuna. Mzee wangu naye alikuwa akiwaambia watu kwamba "nasubiri usaili", wakati nilishakuwa na meza yangu ya ufundi simu Kariakoo.

Tuwaelewe kwanza hawa wazee wetu. Wangu kazaliwa 1954. Kasoma sekondari bila ada, kapita JKT kwa mujibu wa sheria, kaingia Chuo Kikuu, Mlimani, kwa gharama ya serikali. Barua yake ya ajira ya 1981 anaitunza kwenye bahasha ya kaki pamoja na cheti cha ndoa. Niliwahi kuisoma. Imepigwa taipu, aya mbili tu, inamwelekeza akaripoti wapi na lini. Hakuna usaili, hakuna barua ya maombi, na kituoni akakuta nyumba. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, serikali ilipowauzia watumishi nyumba walizokuwa wakiishi, akainunua ya kwake kwa awamu. Ndiyo aliyokuwa akinipigia mfano: "Mimi umri wako nilikuwa na pa kulala." Haya, baba, mimi mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mbele!

Nilimaliza chuo 2012 kwa mkopo wa Bodi. Mwaka 2014 nafasi 70 za serikali zilituita waombaji zaidi ya elfu kumi, tukajazwa kwenye majukwaa ya Uwanja wa Taifa kama siku ya Simba na Yanga. Mzee akaiona picha gazetini. Jioni swali lake lilikuwa moja: "Ulivaa tai?"

Swali hilo sijalisahau, na sidhani kama nitalisahau.

Ya katikati nayaruka, mnayajua. Leo nina duka, nina vijana ninaowalipa, na Luku ya nyumba ile ya mzee nainunua mimi. Nasema bila aibu.

Lakini si duka lililotupatanisha. Kuna Jumapili nilimuuliza habari za miaka ile ya foleni, akafunguka: sabuni ya kugawiwa, unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, mshahara usiovuka wiki ya pili. "Sasa mlikuwa mnakula nini?" Akamtazama mama. Mama alikuwa akifuga kuku nyuma ya nyumba hiyohiyo ya serikali, na asubuhi anachoma maandazi ya kuuza shuleni. Ofisa mzima wa wizara, kumbe watoto wamelelewa na banda la kuku! Tulicheka mpaka mama akatoka kwenda jikoni. Halafu mzee, kwa mara ya kwanza, akaniuliza kubadilisha kioo cha simu ni shilingi ngapi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: usibishane naye kuhusu ajira, hapo atakushinda, ana barua. Muulize kuhusu mradi. Karibu kila mtumishi wa enzi ile alikuwa na mradi, awe na ng'ombe, awe na shamba, awe na mke anayeshona vitambaa. Kizazi kile kimehangaika kama sisi, ila kilihangaika kikiwa na cheo mezani, ndiyo maana hakijioni. Muulize tena na wiki ijayo. Na peleka karatasi: leseni ya biashara, namba ya mlipakodi, chochote chenye mhuri. Wazee hawa mhuri wanauheshimu kuliko fedha taslimu.

Na nyie mnaowaita "waliokula nchi", acheni. Hao hao walipelekwa vitani Kagera, na wengine walipunguzwa kazini mashirika yalipobinafsishwa, wakarudi nyumbani na watoto wanasoma. Heshima kwanza, hesabu baadaye.

Jambo la mwisho, kwa wenye wazazi waliostaafu kuanzia Julai 2022: msiwaombe mtaji. Kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya kustaafu, kiliwashushia watumishi wengi malipo ya mkupuo kutoka asilimia 50 hadi 33, na hata serikali ilipotangaza 40 mwaka 2024, bado haifikii hesabu aliyoipiga mzee tangu akiwa kijana. Fedha ile ina bati na dawa za presha. Mtaji tafuteni kwingine.