Mtoto akisema "nilikwenda mwenyewe", kesi imekufa?

Swali: Namlea mtoto wa marehemu dada yangu hapa Wete, Pemba. Ana miaka 16, yumo kidato cha pili. Mwalimu wake wa tuisheni, mtu mzima mwenye watoto, alimpa simu kwa siri. Ujumbe wa mwanzo ulikuwa wa masomo, halafu bando la wiki, halafu "mama yako mdogo hakufahamu kama mimi", halafu "futa hii". Juzi mtoto hakurudi. Jana tumemkuta kwa mwalimu. Anasema alikwenda kwa hiyari yake. Wazee wa mwalimu wamekuja na posa, na jirani anatuambia hakuna kesi kwa kuwa mtoto karidhia. Ni kweli?

Jibu: Si kweli, mama, na nakuomba usiipokee posa hiyo.

Kwa Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Sheria ya Adhabu, Namba 6 ya 2018, kifungu cha 108(2)(e), inasema mwanamme akimuingilia msichana wa umri huo asiye mkewe amebaka, msichana awe karidhia au hakuridhia. Upande wa mashtaka unatakiwa uthibitishe umri wa mtoto, kwamba tendo lilifanyika, na kwamba aliyelifanya ni mshitakiwa. Ridhaa ya mtoto haimo katika hayo, kwa hivyo mwalimu hawezi kujikinga nayo. Mtoto wako anaweza kusimama mahakamani akasema "nampenda", na kosa likabaki kosa.

Ridhaa inaingia kwenye shitaka jengine, na hapa ndipo wengi wanapochanganya. Mara nyingi hati za mashtaka za aina hii hapa kwetu huanza na kutorosha, kifungu cha 113(1)(a): kumchukua msichana wa chini ya miaka 18 kutoka kwenye ulinzi wa wazazi au mlezi wake bila ya ridhaa yao. Ridhaa inayoulizwa hapo ni yako wewe unayemlea. Kwamba mtoto alimfuata kwa furaha hakumuokoi mwalimu. Lakini watu hulivuta jambo hili hadi kusikofika: wanadhani kwa kuwa ridhaa ya mlezi inahesabika kwenye kutorosha, basi mlezi akisamehe na akaoza, na kosa la kubaka limekwisha. Hapana. Tendo lile huwezi kumridhia kwa niaba yake, wala mimi siwezi, wala sheha, yaani kiongozi wa mtaa, wala baba yake angekuwepo.

Ule mpangilio wa ujumbe uliounukuu nimeusoma zaidi ya mara moja. Kwanza somo, ambalo mtoto hana sababu ya kulikataa. Kisha zawadi ndogo inayomfanya ajione anadaiwa. Kisha anatenganishwa na mtu pekee ambaye angemuuliza. Kisha anapewa siri aibebe. Alipofika nyumbani kwa mwalimu, uamuzi ulikuwa umeshafanywa na mtu mzima, kidogo kidogo, na yeye akauhisi kuwa ni wake. Ndiyo maana sheria haimpimi mtoto wa miaka 16 kwa kauli yake ya "hiyari". Aliyefunzwa tangu darasa la kwanza kuitikia "labeka, mwalimu" atamkataa vipi mwalimu huyo huyo? Kwa hivyo usimpige wala usimwite majina. Ukimtisha, atarudi kumtetea aliyemfundisha kuficha.

Kuhusu wazee na posa: kesi ya jinai haimilikiwi na aila zenu. Anayeiendesha ni Mkurugenzi wa Mashtaka, nyinyi ni mashahidi. Ndoa itakayofungwa kesho haifuti kosa la juzi. Wanalolihitaji ni muhali wenu, ile haya ya kuwakatalia watu. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, ambayo rufaa za Zanzibar nazo hufika kwake, ilishasema mwaka 2006 kwamba katika kosa la kubaka ushahidi wa kweli hutoka kwa mwathirika mwenyewe. Mtoto akishaozwa kwa mshitakiwa, nani atamleta kizimbani aseme? Nimeona majalada mazuri yakifungwa kwa njia hii, cheti cha kuzaliwa kimo, ripoti ya daktari imo, na shahidi hayupo. Linaniuma kila mara.

Leo mpeleke hospitali, kwenye kituo cha Mkono kwa Mkono; huko daktari, polisi na ustawi wa jamii wanafanya kazi pamoja. Huhitaji barua ya sheha. Kama hazijapita saa 72, atapewa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, kwa hivyo kila saa ina thamani. Asioge kabla ya kuonekana na daktari, na nguo alizovaa usizifue, zitie kwenye mfuko wa karatasi. Chukua cheti cha kuzaliwa. Kama kimepotea, ushahidi wako wewe mlezi kuhusu umri wake unapokelewa. Simu usiirejeshe kwa wazee hao hata wakisema ni mali yao, wala usifute kitu. Ikabidhi polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, na uandike jina la aliyeipokea. Ukizuiwa kutoka nyumbani, piga 116, namba ya msaada kwa watoto, haina malipo.