Mapishi ya kukhu kwenye jiko la gesi

Kakamega, Jumapili jioni

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema umechoka na sukuma wiki kila siku, unataka kupika alivyopika kukhu wako, yaani nyanya yako, lakini hapo Nakuru huna chungu, huna kuni, kazini unatoka magharibi, na mimi kila ukiniuliza kipimo nakujibu "tia tu mpaka itoshe". Kisha ukauliza: kipi lazima kibaki kama zamani, na kipi naweza kubadilisha nisiharibu?

Afadhali umeuliza kabla ya kupika. Kuna watu hubadilisha kila kitu halafu wanalalamika kwamba mboga za kienyeji ni chungu, na wengine hawataki kubadilisha hata mwiko, basi miaka inapita hawajapika.

Mimi ningekwambia hivi. Kila jambo alilofanya kukhu, jiulize lilikuwa la nini. Mengine yalileta ladha. Mengine yalizuia chakula kisioze, maana friji hakuwa nayo. Na mengine aliyafanya kwa sababu ndivyo vitu alivyokuwa navyo. Ya ladha usiyaguse. Hayo mengine una ruhusa yangu.

Chungu kiliweka joto. Hata moto ukipungua mboga iliendelea kuiva polepole. Sufuria nzito kwenye moto mdogo itakufanyia kazi hiyo hiyo. Moshi wa kuni ulikuwa na utamu wake, sikatai, lakini nakumbuka pia macho ya kukhu yalivyokuwa mekundu jioni. Huo sitamani urudi.

Munyu ndio usiuache. Hiyo chumvi ya majivu ndiyo roho ya mrenda, ile mboga ya majani ya kuteleza. Kukhu alikausha maganda na mabua ya maharagwe, akayachoma mpaka yakawa majivu meupe, akayatia kwenye kopo lililotobolewa chini, kisha akamimina maji taratibu juu yake. Yanayodondoka chini ni ya rangi ya chai ya rangi, na ukiyashika kwa vidole yanateleza kama sabuni. Hayo ndiyo yanayolainisha jani na kulifanya libaki kijani. Kwa mrenda mafungu mawili na kunde fungu moja, chemsha vikombe 2 vya maji, tia munyu vijiko 2 vya mezani. Kunde itangulie kwa sababu ni ngumu, ipe dakika 10, ndipo umwage mrenda. Usifunike! Mrenda ukifunikwa hupanda na kumwagika, na utasugua hilo jiko lako usiku kucha. Koroga, ngoja dakika nyingine 5 hadi 10, onja, ndipo utie chumvi ya kawaida. Mafuta hayahitajiki hata tone.

Siku munyu umekwisha, tumia magadi soda, robo ya kijiko cha chai, isizidi. Ikizidi mboga inanuka sabuni na vitamini C inapotea. Ukipata mgeni mwenye shida ya figo, mpikie bila munyu kabisa, kwa sababu majivu yana potasiamu nyingi.

Saga, ile mboga ya mgagani, ni habari nyingine. Hapo ndipo watu wa siku hizi wanapokosa subira. Ukiichemsha na kuipakua saa hiyo hiyo itakuwa chungu, na wewe utailaumu mboga. Chemsha mpaka ilainike, mwaga maji ya kwanza, tia maziwa kikombe kimoja, tokosa kwa moto mdogo, kisha uilaze. Kesho yake uipashe, uongeze maziwa kidogo au malai, na kijiko cha karanga zilizokaangwa na kusagwa ukipenda. Kule kulala ni kwa ladha, uchungu unapungua na maziwa yanaingia ndani ya jani. Lakini kukhu aliiacha kwenye chungu jikoni, akaichemsha asubuhi na jioni ili isiharibike. Hiyo ya kuchemsha kila mara ilikuwa kazi ya friji. Wewe ikipoa iweke kwenye friji, kesho uipashe mara moja tu mpaka ichemke. Kwa mtu anayerudi nyumbani usiku, sijui chakula kinachofaa zaidi: Jumapili unapika, Jumatatu unakula ikiwa tamu kuliko jana.

Karanga zichague. Iliyokunjamana au yenye ukungu tupa, usiseme ukiikaanga ubaya utaisha.

Ugali wa wimbi hauna siri. Wimbi sehemu 2, muhogo sehemu 1, maji vikombe 4 yakichemka, unga karibu vikombe 3, na kikombe cha mwisho ukitie kidogo kidogo. Unasonga haraka kwa sababu muhogo unavuta. Nunua unga wa muhogo uliokaushwa vizuri, kwa mtu unayemwamini.

Ulisema pia rafiki yako amekushauri utie mchuzi mix na nyanya kwenye mrenda ili "uwe wa kisasa". Jiko ni lako. Ila mrenda wenye mchuzi mix una ladha ya mchuzi mix, na hiyo unaipata kwenye mboga yoyote, hukuhitaji kuniandikia mimi. Nyanya zipeleke kwenye samaki mkavu, huko zinakaa vizuri.

Mwaka 2021 UNESCO iliiweka kazi ya Kenya ya kulinda vyakula vya asili kwenye orodha yake ya mifano ya kuigwa. Nilifurahi. Lakini orodha haichambui mboga. Kwa hiyo ukipika, weka daftari karibu na jiko. Pima kwa kikombe kile kile kila mara, andika ulichotia na dakika ulizotumia, na pembeni uandike waliokula walisemaje. Ukija Desemba tutaketi na shangazi yako, maana yeye saga yake ni tofauti na yangu, haimwagi maji ya kwanza, na ana hoja zake. Uandike zote mbili.

Munyu nimeshakuchujia chupa moja. Utaupata Ijumaa stejini kwa dereva, nitakupigia simu gari likitoka. Bandika karatasi juu ya chupa uandike jina, la sivyo huyo unayeishi naye atauona na rangi yake, aweke sukari, anywe.

Mamako