Asubuhi sukari 6, kipimo cha miezi mitatu 8.3: je, upungufu wa damu waweza kupotosha majibu?

SWALI: Assalamu alaikum, daktari. Mimi ni mama wa miaka 46, mkaazi wa Likoni, Mombasa. Huu ni mwaka wa tano nina kisukari, na natumia metformini na glibenklamidi. Kila asubuhi nikijipima nyumbani kabla ya kula napata kati ya 6 na 7. Lakini kipimo cha miezi mitatu kimetoka 8.3, na kliniki wameniambia nijitayarishe kuanza sindano za insulini. Nina uvimbe kwenye kizazi, hedhi yangu ni nyingi mno, na damu ilipopimwa ilikuwa 8.1. Mume wangu asema mashine yangu ni mbovu, dada yangu asema maabara wamekosea. Nimwamini nani? Pia mdogo wangu wa kiume ana sikoseli na ameongezwa damu mara nyingi. Siku hizi kiu haimwishi na huamka usiku kukojoa. Alipimwa hicho cha miezi mitatu akaambiwa 4.6, hana sukari. Ni kweli?

JIBU: Waalaikumu salaam, dada yangu. Nianze na la haraka. Usiache dawa yoyote, na usikatae insulini kwa sababu ya maelezo yangu. Lakini kabla hujadungwa sindano ya kwanza, una haki ya kuomba majibu yako mawili, lile la sukari na lile la damu, yasomwe pamoja. Nikitazama namba ulizonitumia, sioni kwamba mtu amekosea. Mashine yako yaweza kuwa nzima na maabara wakawa wamefanya kazi yao vizuri, na bado 8.3 ikawa haisemi ukweli wote.

Kipimo hiki, ambacho kwenye karatasi kimeandikwa HbA1c, hakipimi sukari iliyomo ndani ya damu siku hiyo. Kinapima ni sehemu gani ya hemoglobini, ile rangi nyekundu ya damu, imegandwa na sukari. Chembe nyekundu ikishatoka kwenye uboho, ndani ya mifupa inakotengenezwa, huishi takriban siku 120, na muda wote huo sukari inaendelea kuigandia, kidogo kidogo, bila kubanduka. Sukari ikiwa nyingi, inaganda nyingi. Lakini pia chembe ikiwa na umri mkubwa, inaganda nyingi, kama kanzu nyeupe iliyovaliwa siku nyingi inavyoshika vumbi kuliko iliyovaliwa jana, hata kama njia ni ile ile. Kwa hiyo namba unayopewa imebeba mambo mawili: sukari yako na umri wa chembe zako. Kwa mtu mwenye damu ya kutosha, umri huo haubadiliki sana, ndiyo maana tunakiamini kipimo. Kwa mwenye upungufu wa damu, umri unaweza kuwa umevurugika.

Shirika la Afya Duniani lilipokikubali kipimo hiki mwaka 2011 kitumike kutambua kisukari, kwa kiwango cha asilimia 6.5 kwenda juu, liliweka sharti kwamba mgonjwa asiwe na hali inayozuia kipimo kuwa sahihi. Upungufu wa damu ni mojawapo ya hali hizo. Sharti hilo halionekani kwenye karatasi ya majibu, na naomba kila anayeisoma alikumbuke.

Sasa tuje kwako. Mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na hemoglobini ya gramu 12 kwa desilita au zaidi. Wewe una 8.1, na chanzo kinaonekana: hedhi nyingi kwa sababu ya uvimbe, mwezi baada ya mwezi, hadi madini ya chuma yameisha mwilini. Chuma kikipungua, uboho hutoa chembe mpya chache, na zile za zamani zinabaki kuwa nyingi katika mzunguko. Hapo HbA1c hupanda ingawa sukari haijapanda. Kwa wengi tofauti haizidi pointi moja, ila kwa upungufu mkubwa inaweza kupita hapo. Ukosefu wa vitamini B12 nao hufanya vivyo hivyo, na metformini ikitumiwa miaka mingi huweza kuipunguza B12 mwilini. Kwa hiyo ningeomba upimwe vyote viwili: feritini, inayoonyesha akiba ya chuma, na B12. Wenzetu wa Mombasa wasiokula nyama wala samaki kwa imani yao na wanaotumia metformini, hili la B12 wasiliache hata kidogo.

Ila kuna jambo linalovuta upande wa pili. Mtu akipoteza damu nyingi kwa ghafla, mwili hukimbilia kutengeneza chembe mpya, na chembe changa hazijapata muda wa kugandwa na sukari. Hapo HbA1c hushuka. Wewe unapoteza damu na pia huna chuma, nguvu mbili zinazovutana ndani ya mwili mmoja. Ndiyo maana siwezi kukutolea hesabu, niseme toa pointi kadhaa kwenye 8.3 upate ukweli. Hesabu hiyo haipo, na atakayekupa anakubahatishia.

Tutaujuaje ukweli basi? Kwa kupima sukari yenyewe, tena si asubuhi peke yake. Hapa ndipo nataka uniangalie vizuri, kwa sababu yawezekana upungufu wa damu unalaumiwa bure. HbA1c ya 8.3 ni sawa na wastani wa sukari wa karibu 10.6 mmol/L, mchana na usiku. Wewe unapima kabla ya kula, wakati ambao sukari kwa kawaida iko chini. Hatujui inafika wapi saa mbili baada ya mahamri na mbaazi, au baada ya wali wa nazi wa mchana. Nakuomba kwa wiki mbili upime mara nne kwa siku, walau siku tatu katika kila wiki: kabla ya kifungua kinywa, saa mbili baada yake, saa mbili baada ya chakula cha mchana, na kabla ya kulala. Andika kila namba na ulichokula. Ukiona baada ya kula inafika 13 au 15, basi 8.3 ni ya kweli na kliniki wana hoja. Ukiona haivuki 9 au 10, basi kipimo cha miezi mitatu kimepandishwa na hali ya damu yako, na kukuongezea dawa kutakuweka hatarini.

Hatari hiyo si ndogo. Glibenklamidi yenyewe inaweza kuishusha sukari kupita kiasi, na insulini juu yake zaidi. Dalili za sukari kushuka ni kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio na kizunguzungu. Mtu mwenye damu 8 tayari moyo wake huenda mbio na kizunguzungu anacho, hivyo anaweza kudhani ni ile damu yake tu kumbe sukari imeshafika 3. Ukijisikia hivyo, jidunge kidole upime papo hapo. Ikiwa chini ya 4, kunywa maji ya sukari, upime tena baada ya dakika 15.

Mumeo hakukosea kabisa kuhusu mashine, ingawa kosa lenyewe si la ubovu. Mashine za nyumbani zimetengenezwa kwa damu yenye chembe za kiwango fulani. Chembe zikiwa chache, nyingi kati ya mashine hizi husoma juu kuliko sukari ilivyo. Kwa maana hiyo, ile 6 au 7 yako ya asubuhi huenda kwa kweli ni chini kidogo ya hapo. Ndani ya boksi la vijiti vya kupimia kuna karatasi inayotaja kiwango cha hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu, kinachokubalika. Ya kwako ni kama asilimia 24 au 25, ukikadiria kwa kuzidisha hemoglobini mara tatu. Ikiwa karatasi inaanzia 30, mashine hiyo haikufai kwa sasa, tafuta inayokubali chini zaidi.

Njia ya kuihakiki ni kujipima nyumbani na kutolewa damu ya mshipa maabara dakika zile zile. Hapa nina ombi kwa wanaochukua sampuli. Damu ikikaa kwenye chupa bila chembe kutenganishwa na majimaji yake, chembe huendelea kula sukari, kiasi cha asilimia 5 hadi 7 kwa saa, na joto letu la pwani huharakisha. Sampuli iliyochukuliwa Likoni ikangoja feri, kisha ikangoja zamu yake kisiwani, inaweza kutoa jibu la chini kuliko ukweli. Itiwe kwenye chupa ya kifuniko cha kijivu, yenye floridi, ikae penye baridi, na itenganishwe mapema.

Kuna kipimo kingine kiitwacho fruktosamini. Hicho hutazama protini za damu badala ya hemoglobini, na huonyesha wiki mbili hadi tatu zilizopita. Upungufu wa damu haukisumbui, ila ukosefu wa protini hukisumbua, kwa mfano kwa mwenye maradhi ya figo au ini. Si kila maabara ina kipimo hiki. Kikipatikana, ni msaada mkubwa kwa mtu wa hali yako.

Na hiyo damu itibiwe sasa hivi, isisubiri mambo ya sukari. Daktari wa kina mama auone huo uvimbe, maana vidonge vya chuma bila kuziba mvujo ni kazi isiyoisha. Vidonge vimezwe na maji ya ndimu, mbali na chai kwa saa moja au mbili, kwani chai huzuia chuma kuingia mwilini. Choo kikiwa cheusi usishtuke. Sharubati ya bitiruti na zile dawa tamu za chupa za kuongeza damu ziache: chuma chake hakitoshi kwa upungufu kama wako, na sukari yake utaiona kwenye mashine.

Ukianza chuma, chembe mpya zitamiminika na HbA1c itashuka ndani ya wiki chache, hata kama sukari haijabadilika. Usifurahi mapema, na kliniki wasikupunguzie dawa kwa sababu hiyo. Kipimo hiki kirudiwe baada ya hemoglobini kupanda na kutulia kwa miezi mitatu hivi. Kabla ya hapo, daftari lako la namba lina thamani kuliko hiyo karatasi.

Sasa mdogo wako, ambaye kwa kweli ananitia wasiwasi kuliko wewe. Kwa mgonjwa wa sikoseli HbA1c haifai kutumiwa kabisa. Chembe zake huvunjika baada ya wiki chache tu, hazifiki siku 120, na akiongezwa damu, nusu ya kinachopimwa chaweza kuwa chembe za mtu mwingine. Ile 4.6 haimwambii lolote. Huku pwani, ambako malaria imekuwepo vizazi na vizazi, wanaobeba nusu ya sikoseli, yaani walioirithi kwa mzazi mmoja tu, bila kuugua ni wengi, kwani nusu hiyo humkinga mtu na malaria, na wapo pia wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, kinacholinda chembe nyekundu zisivunjike. Kwao namba huweza kutoka chini ya ukweli, na baadhi ya mashine za maabara huchanganywa na hiyo hemoglobini yao. Vivyo hivyo kwa aliyetoka kuugua malaria kali, au anayesafishwa damu kwa sababu ya figo na kudungwa sindano za kuongeza damu. Namba ya juu isiyo ya kweli humletea mtu dawa asizohitaji, lakini namba ya chini isiyo ya kweli huficha ugonjwa.

Kiu na kukojoa usiku kwa mwenye sikoseli huweza kutokana na figo zake kushindwa kubakiza maji na kuufanya mkojo uwe mzito, jambo la kawaida kwao. Lakini kuongezwa damu mara nyingi hurundika chuma mwilini, na chuma hicho huharibu kongosho, kiungo kinachotoa insulini, mpaka kisukari kikaingia. Kwa kumtazama tu hatuwezi kutofautisha. Aende wiki hii apimwe sukari ya mshipa asubuhi, baada ya kukaa muda wa saa nane bila chakula. Ikiwa 7.0 au zaidi, irudiwe siku nyingine. Ikiwa wakati wowote ni 11.1 au zaidi pamoja na dalili hizo, hiyo ni kisukari tayari. Feritini yake ipimwe siku hiyo hiyo. Na mwambie kujizuia kwa ajili ya kipimo ni kwa chakula na vinywaji vingine tu: maji matupu anywe kama kawaida, usiku kucha hadi anapofika maabara, kwa sababu mwili wa mwenye sikoseli haufai kukaushwa maji.