Paris mpaka Lisbon, mbona kwenda na kurudi masaa hayalingani?

SWALI: Hamjambo wahariri. Binti yangu anaenda Lisbon mwezi wa saba, anatoka hapa JKIA anashuka Paris ndio abadilishe ndege. Tiketi inasema anaondoka Paris saa nne asubuhi anafika Lisbon saa tano na dakika thelathini na tano, lakini ya kurudi anatoka saa sita na nusu mchana na kufika Paris saa kumi kasoro dakika tano. Si njia ni ile ile? Ama tumeuziwa tiketi feki? – Mama wa Umoja

JIBU: Mama shikamoo, na pole kwa huo wasiwasi, hiyo tofauti peke yake haimaanishi tiketi ni feki. Saa zinazoandikwa kwa tiketi ni za kila mji wenyewe, na Lisbon iko nyuma ya Paris kwa saa moja. Kwa hivyo akienda ongeza hiyo saa unapata masaa mawili na dakika thelathini na tano, akirudi itoe unapata masaa mawili na dakika ishirini na tano. Hizo dakika kumi zilizobaki ni kawaida, kule juu upepo mara nyingi unavuma kutoka magharibi kwenda mashariki kwa hivyo ndege ya kurudi Paris husukumwa kidogo.

Umbali wa angani ni kama kilomita 1,450, yaani zaidi ya mara tatu ya Nairobi mpaka Mombasa kwa ndege.

Sasa mama, mimi kinachonitia wasiwasi si masaa ni uwanja. Paris ina viwanja viwili vikubwa, Charles de Gaulle na Orly, ndege za kutoka Nairobi hushuka Charles de Gaulle lakini nyingi za kwenda Lisbon zinatoka Orly, ng'ambo kabisa ya mji. Mwambie aangalie zile herufi tatu kwa tiketi, ikiwa ni CDG kwote yuko sawa, akiona ORY ajue anatoka nje na mizigo yake, anapanda treni ya RER B mpaka Châtelet halafu metro namba 14 ambayo tangu 2024 inafika Orly. Hapo nisingempa chini ya masaa matano, kwa sababu kuna foleni ya paspoti (ukaguzi wa kuingia Schengen, yaani zile nchi za Ulaya ambazo kwa kawaida hazikaguani paspoti mpakani, anafanyiwa hapo hapo Paris, Ureno haulizwi tena) na kungojea mabegi pia.

Na kama tiketi ya Nairobi mpaka Paris na ile ya Paris mpaka Lisbon zilinunuliwa mbali mbali, ndege ya kwanza ikichelewa ile ya pili inamwacha na pesa huenda zisirudi. Kama hamjalipa bado, tafadhali nunueni tiketi moja ya Nairobi mpaka Lisbon hata kama bei imepanda kidogo.

Akishafika, ukitaka kumpigia kumbuka mwezi wa saba sisi tuko mbele yao kwa masaa mawili.