Ofa iliyonichukulia ukurasa wangu wa vitenge

Jumanne usiku mdogo wangu mmoja anayeuza mabegi Mwanza alinitumia picha ya skrini ya simu yake. "Dada, nimepewa ofa ya kutangaza biashara bure. Nibonyeze?" Barua pepe yenyewe imepangika kweli: nembo ipo, rangi ndizo, Kiswahili hakina kosa hata moja. Mikono ilinitetemeka. Sikuandika jibu, nilimpigia hapohapo, kwa sababu kitufe cha namna ile ndicho kilichoniponza mimi Novemba ya mwaka juzi.

Siku hiyo nilikuwa Kariakoo kwa fundi, nasubiri magauni yapigwe overloki. Wewe unayeuza mtandaoni unaijua Novemba, ofa zinaingia simu haipoi. Asubuhi nilikuwa nimepokea ofa ya kweli kutoka kampuni ninayolipia matangazo. Jioni ikaja nyingine, jina la mtumaji lilelile: umepewa salio la matangazo la dola 200, lichukue kabla ya saa sita usiku. Mimi niliona dola 200 tu. Kichwani nilishazitumia, nilishapata wateja wa Krismasi hadi Arusha. Nikabonyeza. Ukurasa ukaniomba barua pepe na neno la siri, halafu zile namba sita zilizoingia kwa meseji. Nikaandika zote nikiwa nimesimama, huku fundi ananiuliza zipu iwe ya rangi gani.

Baada ya dakika ishirini nikawa siwezi kuingia kwenye ukurasa wangu mwenyewe. Wafuasi 11,000, nimewakusanya miaka minne, kitenge kimoja kimoja, picha moja moja.

Kuurudisha kulinichukua siku tisa na sitaki kuzisimulia. Kinachoniuma ni kwamba wale watu walitangaza vitenge kwa nusu bei kwa jina langu, wakaweka namba yao ya kupokelea pesa, na wateja wangu wanne wakatuma. Mama mmoja wa Mbagala alituma 90,000 za sare ya harusi ya mwanawe. Nilimrudishia, niliwarudishia wote kutoka mfukoni mwangu, na hilo najivunia mpaka leo. Lakini yule mama hajanunua tena kwangu, na kila nikiuza sare za harusi namkumbuka.

Nilipopata ukurasa wangu nilikaa kwenye kompyuta nikazifungua zile barua mbili, ya asubuhi na ya jioni. Kwa macho ni mapacha. Simu inakuonyesha jina la mtumaji, na jina mtu anajiandikia analotaka. Gusa hilo jina mpaka uone anwani kamili. Ya asubuhi, baada ya alama ya @ kulikuwa na jina la kampuni na .com, basi. Ya jioni jina la kampuni lilikuwepo vilevile, ila likafuatiwa na nukta na maneno mengine marefu. Wengi tunakwama hapo. Anwani ya linki itafute mkwaju (/) wa kwanza unaofuata baada ya jina la tovuti, kisha rudi nyuma: mwenye nyumba ni yule aliyegusana na .com au .co.tz. Yaliyotangulia kabla yake ni kibao cha mlangoni, yeyote anakichora. Na angalia herufi kwa makini, r na n zikikaa pamoja kwenye skrini ndogo zinasomeka m. Kile kikufuli kidogo kando ya anwani ya tovuti usikitegemee, cheti chake hutolewa bure na matapeli wanacho.

Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zinawadai wanaotuma barua kwa wingi wathibitishe anwani zao na waweke njia rahisi ya kujiondoa kwenye orodha yao. Imesaidia, lakini tapeli naye anaweza kuithibitisha anwani aliyoinunua jana. Ukitaka kujiondoa na huna uhakika na barua, usiguse linki iliyo ndani yake, iripoti kama barua taka.

Ila kubwa kuliko yote, barua ya asubuhi ilitaka ninunue. Ya jioni ilitaka neno langu la siri. Jamani, wafanyabiashara wenzangu, anayekupa zawadi anataka ufunguo wa duka lako wa nini? Ofa ikija, toka kwenye barua. Fungua programu yako mwenyewe, kwa mkono wako, kwa mlango uliouzoea. Kama ofa ni ya kweli utaikuta humo ndani. Usipite mlango uliofunguliwa na barua, hata kama muda unaisha, hata kama ni dola 1,000. Na zile namba sita usiziandike kwenye ukurasa uliofikia kwa linki. Ukishateleza, badilisha neno la siri, ondoa kwenye akaunti yako simu zote usizozijua, na watangazie wateja wako saa hiyohiyo, usione aibu kama nilivyoona mimi. Huku Tanzania namba ya tapeli iliyopokea pesa itume kwa meseji kwenda 15040, namba ya kuripotia matapeli.

Mdogo wangu alifungua programu yake tukiwa bado kwenye simu. Ofa hakuna. Akanyamaza kidogo, halafu akaniambia barua pepe yake alikuwa ameshaiandika kwenye ule ukurasa, alibakiza neno la siri.