Hela ya kaka imekwama kwa sababu ya jina langu: hiyo orodha anaiandika nani?

SWALI

Shikamoo mtaalamu. Kaka yangu yuko Muscat, kila mwezi anatuma hela ya kumtunza mama. Mwezi uliopita alituma kama kawaida, ikakwama siku nne. Nilipofuatilia, dada wa kaunta akaniambia jina langu linafanana na lililopo kwenye orodha ya magaidi ya Umoja wa Mataifa. Mimi ni fundi friji hapa Tanga. Jina langu ni la kawaida kabisa; ukiliita kwa sauti Ngamiani, barabara ya saba, wanageuka watu watano. Siku ya tano hela ikaingia, wala hakuna aliyenieleza kitu. Naomba kujua: orodha hiyo anaiandika nani? Umoja wa Mataifa unaingiaje kwenye benki ya Tanga? Na Interpol nao, wana jina langu?

JIBU

Marahaba. Nianze na la mwisho, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Hela imeingia, na hiyo ina maana kuna mtu alikaa mbele ya kompyuta, akalinganisha taarifa zako na za yule wa kwenye orodha, akaona ni watu wawili tofauti. Kufanana jina hakukupeleki kwenye orodha yoyote. Nasema hivyo kwa sababu kulinganisha majina ndiyo kazi inayonilisha: mimi ni afisa uzingatiaji wa benki, yaani anayehakikisha benki inafuata sheria, na majina ya watu wa pwani ndiyo yanayonichelewesha kurudi nyumbani.

Watu wengi wanafikiri kuna polisi wa dunia wanaopambana na ugaidi. Hawapo. Umoja wa Mataifa hauna mahabusu ya magaidi. Interpol haina mamlaka ya kumkamata mtu. Kile kikosi kazi cha Paris cha kupiga vita fedha haramu, kinachoitwa FATF, ambacho mawaziri wa fedha wanakiogopa kuliko hata wabunge wao, hakina askari hata mmoja. Kilichopo ni makaratasi: maazimio, orodha, viwango na taarifa, vinavyopokezanwa ofisi kwa ofisi mpaka vimfikie mtu ambaye sheria ya nchi yake inampa uwezo wa kufanya jambo. Kwenye masuala ya fedha, mtu huyo wa mwisho ni mimi na yule dada wa kaunta.

Orodha uliyotajiwa ina mzizi hapa hapa kwetu. Asubuhi ya 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuka kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam, yakipishana dakika chache. Nairobi walikufa watu 213, na Dar, pale barabara ya Laibon, walikufa 11. Mwaka uliofuata, tarehe 15 Oktoba 1999, Baraza la Usalama likapitisha Azimio namba 1267. Ukilisoma utaikuta miji yetu miwili imetajwa kwa jina. Liliwataka Taliban wa Afghanistan wamtoe Osama bin Laden, likazuia fedha zao na ndege zao, na likaunda kamati ya kusimamia. Desemba 2000 Azimio 1333 likaongeza Bin Laden mwenyewe na watu wa Al-Qaida, na hapo ndipo orodha ya majina ilipoanza kunenepa. Mwaka 2011 Taliban wakatengewa orodha yao, na 2015 wakaongezwa Daesh, wale wanaojiita Dola la Kiislamu, kwenye ile ya Al-Qaida. Al-Shabaab wako chini ya kamati nyingine, ile iliyokuwa ikiitwa ya Somalia mpaka 2023. Ukimsikia mtu wa benki anasema "kumi na mbili sitini na saba", hatoi namba ya gari, anazungumzia hiyo.

Jina linaingiaje? Nchi mwanachama inapendekeza na kueleza sababu zake. Kamati ina wajumbe 15, wale wale wa Baraza la Usalama, na inaamua kwa kukubaliana wote. Pendekezo linasambazwa, na ikipita muda wa siku 10 za kazi bila mjumbe kupinga, jina limeingia. Hakuna hakimu na hakuna shahidi. Ni uamuzi wa kidiplomasia wenye matokeo ya kimahakama, na hilo ndilo tatizo lake kubwa. Nitalirudia.

Sasa inafikaje Tanga? Umoja wa Mataifa hauingii kwenye benki yako. Mkataba wa Umoja wa Mataifa unazilazimisha nchi wanachama kutekeleza maamuzi ya Baraza la Usalama, na kila nchi inatunga sheria yake ya kuyatekeleza. Kwetu ni Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2002, pamoja na ile ya kudhibiti utakatishaji fedha ya 2006. Kiserikali jina linatoka New York, linapita wizarani, linafika Kitengo cha Kudhibiti Fedha Haramu, kisha kwetu. Lakini programu ya benki haisubiri barua. Inavuta orodha mpya yenyewe, kwa sababu kiwango cha kimataifa kinadai mali izuiwe bila kuchelewa, na kwa tafsiri yao hiyo ni suala la saa, si siku.

Hapo hapo kuna jambo ambalo hata wenzangu wengine hulichanganya. Baada ya mashambulizi ya 11 Septemba 2001 kule Marekani lilipita Azimio 1373, tarehe 28 ya mwezi ule ule. Hili halina orodha. Linaiagiza kila nchi kuufanya ufadhili wa ugaidi kuwa kosa la jinai na kuzuia mali za wahusika, kwa hiyo nchi zikaanza kutengeneza orodha zao zenyewe. Inayotusumbua zaidi ni ya Hazina ya Marekani. Kaka yako alilipa riyal kwenye duka la kubadilishia fedha, tuseme Ruwi, nawe umepokea shilingi, lakini mara nyingi hela ya namna hiyo hupita katikati ikiwa dola, kwenye benki ya New York inayotunza akaunti ya dola ya benki yako. Ikifika pale, iko chini ya sheria ya Marekani. Kwa hiyo dada wa kaunta anaposema "Umoja wa Mataifa", wakati mwingine simlaumu, ila si lazima iwe kweli.

Nikuoneshe skrini yenyewe. Kila mtu kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ana namba: QDi ni mtu wa Al-Qaida au Daesh, TAi wa Taliban, SOi wa orodha ya Al-Shabaab, ile iliyokuwa ya Somalia. Chini yake kuna majina yake manne, cheo, tarehe na mahali pa kuzaliwa, uraia, pasi, anwani, na majina mengine anayojulikana nayo, yaliyogawanywa mafungu mawili: ya kuaminika na ya kubahatisha. Hilo fungu la kubahatisha ndilo linalotutesa. Unaweza kukuta jina moja tupu, mfano "Abu Salim". Niambie, pwani hii kuna mtaa usio na Abu Salim?

Programu nayo haisomi kama mimi na wewe. Inajua kwamba Mohamed, Muhammad na Mohammed huenda ni jina moja lililoandikwa kwa herufi za Kirumi na makarani watatu, kwa hiyo inayafananisha. "Bin" inaitupa. Kisha inatoa alama. Zikivuka kiwango ambacho benki imejiwekea, muamala unasimama na jina linaniangukia mimi.

Niliwahi kumpata mzee mmoja wa Pangani, alama 94. Majina mawili sawa na ya mtu wa orodha ya Taliban. Orodha ilisema amezaliwa 1958, basi, hakuna siku wala mwezi. Kitambulisho cha mzee kilisema 1 Januari 1958, na kila karani wa nchi hii anajua hiyo maana yake ni nini: mzee alitaja mwaka tu, mashine ikadai siku na mwezi. Kwa hiyo tarehe, ambayo kwa kawaida ndiyo inayomwokoa mtu, hapa ilimzamisha zaidi. Kilichomtoa ni mahali pa kuzaliwa na jina la babu, na hilo la babu halikuwa kwenye fomu ya mtumaji. Ilibidi tumpigie mzee simu. Akaniuliza kwa nini benki inamtafuta marehemu babu yake.

Utauliza kwa nini tusiziachie tu hela ndogo ndogo. Hapo ndipo FATF inapoingia. Iliundwa 1989 na mataifa saba tajiri kwa ajili ya fedha za dawa za kulevya, na Oktoba 2001 ikaongezewa ufadhili wa ugaidi. Inaweka viwango, kisha nchi zinakaguana. Ukanda wetu unakaguana kupitia ESAAMLG, umoja wa nchi za mashariki na kusini mwa Afrika wa kupambana na fedha haramu, iliyoanzishwa Arusha 1999 na yenye sekretarieti yake Dar es Salaam. Nchi ikionekana imelegea inawekwa kwenye kile tunachokiita orodha ya kijivu. Tanzania iliingia Oktoba 2022 na kutoka Juni 2025. Uganda ilikaa kuanzia Februari 2020 hadi Februari 2024, na mwezi ule ule ilipotoka, Kenya ikaingia. Nchi ikiwa humo haifungiwi, ila benki za nje zinaanza kuuliza maswali kwa kila muamala, na nyingine zinaona usumbufu umezidi, zinafunga akaunti. Afisa akipima kati ya wewe kukasirika siku nne na benki kupoteza njia yake ya dola, unajua atachagua nini. Binafsi naona tumevuka mpaka. Mfumo unamwadhibu afisa aliyeachia kwa makosa, lakini haumuulizi kitu aliyezuia kwa makosa mara mia.

Nilisema nitarudi kwenye suala la hakimu. Novemba 2001 kampuni ya hawala ya Wasomali, Al Barakaat, iliwekwa kwenye orodha. Ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote kwa kupeleka hela Somalia, nchi isiyokuwa na benki. Ofisi zake zikafungwa, na familia zilizokuwa zikisubiri hela ya chakula zikabaki zinasubiri. Huko Sweden, raia watatu wenye asili ya Somalia waliohusishwa nayo wakaamka akaunti zao zimezuiwa, bila kushtakiwa popote. Baadaye tume iliyochunguza mashambulizi ya Septemba 2001 ilikuta ushahidi dhidi ya kampuni hiyo ni hafifu. Kesi ya tawi lake la Sweden, pamoja na ya mfanyabiashara wa Saudi Arabia, Yassin Kadi, ilifika Mahakama ya Haki ya Ulaya, na tarehe 3 Septemba 2008 mahakama ikatamka kwamba mtu hawezi kuzuiwa mali yake bila kuelezwa sababu na kusikilizwa, hata kama agizo limetoka Baraza la Usalama.

New York walishtuka. Desemba 2009, kwa Azimio 1904, ikaundwa ofisi ya Ombudsman ambako mtu aliye kwenye orodha ya Al-Qaida anaweza kupeleka malalamiko mwenyewe, bila kupitia serikali yake. Siku hizi ikipendekeza jina litolewe, linatoka baada ya siku 60, isipokuwa wajumbe wote 15 wakubaliane kulibakiza, au mmoja wao alipeleke Baraza la Usalama. Lakini ofisi hiyo haiwahudumii wa orodha ya Taliban wala ya Al-Shabaab, na hiyo kwangu ni kasoro isiyo na utetezi. Ujue pia kuzuia si kutaifisha: hata aliyeorodheshwa kweli anaweza kuruhusiwa fedha za chakula, kodi ya nyumba na dawa, tangu Azimio 1452 la 2002.

Interpol, kwa kifupi. Ina nchi wanachama 196 na makao yake Lyon, Ufaransa. Inapitisha taarifa kati ya polisi wa nchi na nchi, ikiwemo za pasi zilizoibwa. Hati yake nyekundu, ile ya kumtafuta mtu, ni ombi. Mkamataji ni polisi wa nchi husika kwa sheria yao. Tangu 2005 hutoa pia hati maalumu kwa majina ya orodha ya Umoja wa Mataifa, ili afisa wa uhamiaji mpakani Horohoro aone kile kile ninachokiona mimi. Jina lako kufanana halikufungulii faili huko.

Mwezi ujao, basi, fanya hivi. Mwambie kaka aandike majina yako matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, herufi kwa herufi, na kwenye sababu ya kutuma aandike "matunzo ya mama", si "zawadi" wala nukta. Nenda tawini kwako na nakala ya NIDA na ya cheti cha kuzaliwa, uombe viwekwe kwenye faili lako na kufanana huko kwa jina kuwekewe alama kuwa kumeshachunguzwa. Programu nyingi zinaruhusu. Wakati mwingine afisa atakataa kukujibu kabisa. Ikiwa kuna taarifa ya muamala shuku, sheria inamkataza kumdokeza mteja, kwa hiyo usigombane naye.

Na kaka asije akaigawa hela mafungu matatu ili "ipite kirahisi". Jina nalitoa kwa dakika ishirini. Mafungu matatu ya siku moja kwa mtu mmoja yanabidi niyaandikie taarifa.