Kabla ya Kununua Kiwanja Karibu na Machimbo ya Zamani

Katika kazi yangu ya kupima viwanja Misungwi, Sengerema na mkoa jirani wa Geita, wanunuzi huniuliza mara kwa mara kama ardhi iliyowahi kuchimbwa dhahabu inafaa kujengwa nyumba ya kudumu. Jibu langu hutegemea jambo ambalo hati ya kiwanja haionyeshi: mwamba wenye dhahabu ulifuatwa kuelekea upande gani, na kwa kina gani.

Mtu aliyekulia Mwanza mjini, kwenye majabali ya Bugando na Capri Point, huona ardhi kuwa kitu kisichosogea. Machimboni mambo ni tofauti. Wachimbaji hushuka wima kwa duara, yaani shimo la kuingilia mgodini, na wakiufikia mwamba hugeuka na kuufuata ubavuni, wakati mwingine hadi chini ya shamba la mtu mwingine kabisa. Machimbo yakishaachwa, matimba, yaani magogo yanayoshikilia paa la njia hizo, huoza, paa humomonyoka kidogo kidogo, na uwazi hupanda kuelekea juu. Kwa kuwa mwamba uliovunjika huchukua nafasi kubwa kuliko ulipokuwa mzima, uwazi ulio chini sana huweza kujazwa na kifusi chake wenyewe kabla ya kufika juu, lakini ulio karibu na uso wa ardhi hauna nafasi hiyo, na siku moja hutokeza kama shimo. Kwa sababu hiyo, kwa nyumba ya kawaida, mimi huogopa zaidi njia za zamani zenye kina kifupi kuliko mgodi wenye kina kirefu.

Simaanishi kwamba migodi mikubwa haina madhara. Mji wa Kiruna nchini Sweden unahamishwa kwa sababu mwamba wa chuma unaochimbwa kando yake umelala kwa mshazari kuelekea chini ya mji. Hata kanisa lake la mbao, lililojengwa mwaka 1912, lilibebwa zima na kupelekwa mahali papya mwaka 2025. Kwa hiyo umbali kutoka mdomo wa shimo peke yake hautoshi kukuhakikishia usalama.

Kabla ya kulipa, mtafute mzee aliyewahi kuchimba hapo, umsalimie kwa heshima, kisha umwombe atembee nawe akuonyeshe maduara yalipokuwa na upande ambao mwamba ulilala. Muuzaji hawezi kuchukua nafasi ya mzee huyo. Angalia pia sehemu zilizobonyea kwa kufuatana katika mstari, na mahali ambapo maji ya mvua hutoweka badala ya kutuama. Duara lililofunikwa kwa matawi na udongo juu yake halijafukiwa, hata kama limeota majani.

Kwa aliyekwisha kujenga, kazi ngumu ni kuzitofautisha nyufa. Udongo mweusi wa mbuga, ulioenea sana Usukumani, hupasua kuta pia, lakini nyufa zake kwa kawaida hupanuka wakati wa kiangazi na kujibana mvua zinaponyesha. Ufa unaotokana na ardhi kushuka hauna msimu: huendelea kupanuka, hutoka ukutani ukapita uani na kuvuka uzio, na milango ya upande mmoja huanza kugoma kufungika. Ili usitegemee kumbukumbu, gandisha kipande chembamba cha kioo juu ya ufa kwa saruji na uandike tarehe kando yake. Kikivunjika, ukuta umesogea. Ukirudia kipimo hicho katika misimu yote miwili utapata ushahidi ambao hata fundi mbishi ataukubali.

Ardhi ikibonyea ghafla karibu na nyumba, watoe watu kwanza, uzungushie eneo, kisha utoe taarifa kwa mtendaji wa kijiji na kwa ofisi ya Afisa Madini Mkazi. Usikimbilie kumwaga lori la kifusi, kwa maana gari lenyewe ni mzigo juu ya paa usilolijua unene wake. Maji ya bati nayo yaelekezwe mbali, wala shimo la choo lisichimbwe upande huo.